Haki za Mama Aleaye Mtoto Asiyejiweza

Bismillahi Rahmani Rahim

Sifa njema zote zamstahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, aliyewaumba watu kwa hekima yake, huyu akampa nguvu na huyu akampa udhaifu, na kila mmoja akamfanya mtihani kwa mwenziwe. Na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Ndugu zetu wengi hutuuliza khabari za watoto waliozaliwa na upungufu wa akili au wa viungo: je, yawapasa sala na saumu? Je, warithi? Na masuali haya ni mema. Walakini ni nadra mtu kuuliza khabari za mama wa mtoto huyo: haki yake ni ipi, nayo iko juu ya nani? Mama huyu akija kushitaki taabu yake, jawabu apewayo mara nyingi ni neno moja tu, "Subiri." Na subira ni jambo tukufu, wala hakuna Mwislamu akanaye hayo. Lakini subira ni ibada yake yeye mama baina yake na Mola wake, haimwondolei mtu mwingine fardhi iliyo juu ya shingo yake. Mwenye kudai akisubiri, deni halifutiki kwa subira yake.

Basi katika somo hili tumekusudia kubainisha yaliyo juu ya baba, na yaliyo juu ya jamaa, na yaliyo juu ya mji, kwa madhehebu ya Imamu wetu Shafi'i (r.a.), kama yalivyo katika vitabu tusomeshavyo: Matni ya Abu Shuja', na Minhaj ya Imamu Nawawi aliyefariki mwaka 676 wa Hijra (1277), na sharhe yake Mughni al-Muhtaj ya al-Khatib al-Shirbini aliyefariki mwaka 977 (1570).

FASILI YA KWANZA: Khabari za mtoto asiyejiweza

Jueni, ndugu zangu, ya kuwa watoto hawa si wa namna moja. Yuko mwenye mtindio wa ubongo, ambaye huenda akili yake ikawa timamu lakini viungo vyake havimtii, akawa haketi wala hatembei wala hashiki kijiko. Yuko mwenye usonji, mwili wake ni mzima, lakini maneno yamemchelewa, na kelele za watu humtaabisha, na jambo dogo likibadilika katika desturi ya nyumba huweza kulia mchana kutwa. Yuko mwenye hali ya Down, iliyoitwa kwa jina la tabibu wa Uingereza aliyeieleza mwaka 1866. Na yuko mwenye kifafa ambacho hakikutibiwa mpaka kikamdhuru.

Na matabibu wamezieleza sababu zake. Mtindio wa ubongo hutokana na ubongo kudhurika mtoto angali tumboni, au wakati wa kuzaliwa akikosa pumzi, au baada ya hapo kwa manjano kali ya siku za mwanzo isiyotibiwa, au kwa homa ya uti wa mgongo, au kwa malaria iliyopanda kichwani. Ama hali ya Down, Jérôme Lejeune na wenziwe huko Ufaransa walibainisha mwaka 1959 ya kuwa ni kuzidi kwa kromosomu moja, nazo ni vijiuzi vidogo mno vilivyomo ndani ya kila chembe ya mwili, vichukuavyo urithi wa wazazi. Watu wengine wanazo 46, na mtoto huyu anazo 47. Na usonji ni jambo la ubongo wenyewe unavyokua, na urithi una sehemu kubwa ndani yake. Hautokani na malezi mabaya ya mama.

Katika sababu zote hizi hamna hata moja iitwayo zina ya mama, wala laana ya wazee wake, wala kwamba mtoto ni wa jini. Na Mwenyezi Mungu ametufunza katika Sura Fatir, aya ya 18, ya kuwa nafsi haibebi mzigo wa dhambi wa nafsi nyingine. Basi lau mama angalikuwa na dhambi, mtoto asingaliadhibiwa kwayo. Na mwenye kusema ya kuwa mtoto huyu amekuwa hivi kwa uchafu wa mamaye, na aitazame vizuri hukumu ya maneno yake. Kumsingizia zina mwanamke mwenye kujihifadhi, pasipo mashahidi wanne, ni katika madhambi makubwa, na haddi yake imetajwa katika Sura an-Nur, aya ya 4, nayo ni mijeledi themanini na kutopokewa ushahidi. Wangapi wasemao haya kwa mzaha wakinywa kahawa, nao hawajui walilolisema!

Vivyo hivyo majina ya kudhalilisha. Kumwita mtoto zuzu, au punguani, au taahira, akasikia mamaye apitaye njiani, ni katika kuitana majina mabaya kulikokatazwa katika Sura al-Hujurat, aya ya 11. Mtoto ana jina alilopewa siku ya akika yake, na aitwe kwa jina hilo.

Na dua za Qur'ani kumsomea mtoto ni jambo jema, wala hatulikatazi. Tulikatazalo ni kumzuilia mtoto dawa kwa ajili ya kombe, na kumpiga au kumfukiza moshi kwa madai ya kumtoa jini, na mama kuuza bangili zake ili ampe mganga. Mtume (s.a.w.) ametuamrisha tujitibu. Na ishara ziko wazi: mtoto aliyetimia miezi 9 naye haketi bila ya kushikwa, au aliyetimia miezi 18 naye hatembei, apelekwe hospitali upesi, asingojewe. Mazoezi ya viungo yakianza mapema humfaa sana, na kifafa kwa watoto wengi huzuilika kwa dawa zinywewazo kila siku bila ya kukatizwa.

FASILI YA PILI: Mwenendo wa Mtume (s.a.w.)

Yamepokewa katika Sahihi Muslim kwa Anas (r.a.) ya kuwa alikuwako Madina mwanamke mwenye kasoro katika akili yake. Akamjia Mtume akamwambia ya kuwa ana haja naye. Mtume hakumkemea wala hakumwachia mtu mwingine amshughulikie. Alimwambia achague njia yo yote aitakayo katika njia za mji, naye atakwenda kumtimizia haja yake. Akasimama naye njiani mpaka akamaliza aliyokuwa nayo. Tazameni: ni yeye Mtume aliyekwenda kwa mwanamke yule, na mahali palikuwa pa kuchagua mwanamke.

Na katika Bukhari na Muslim imo khabari ya mwanamke mwenye kifafa, aliyemshitakia Mtume ya kuwa akianguka hufunukwa na nguo. Mtume akamkhiyarisha baina ya kusubiri apate Pepo na kuombewa apone. Akachagua kusubiri, lakini akaomba aombewe asifunuliwe, na Mtume akamwombea. Watu wengi huishika nusu ya kwanza ya khabari hii, wakaisahau ya pili. Yule aliyesubiri kwa hiari yake bado alikuwa na haja ya kusitiriwa heshima yake mbele za watu, na Mtume aliipokea haja ile wala hakumwambia subira yakutosha.

Na khabari ya tatu ni yake Mtume mwenyewe, kama ilivyo katika Bukhari kwa Anas: ya kwamba alikuwa akiingia katika sala na nia yake ni kuirefusha, kisha akisikia kilio cha mtoto huifupisha, kwa kuwa ajua jinsi moyo wa mama uumiavyo kwa kilio kile. Ikiwa sala ya jamaa nzima, nyuma ya mbora wa viumbe, imefupishwa kwa ajili ya moyo wa mama mmoja, ni jambo gani letu sisi lisiloweza kupunguzwa kwa ajili yake?

FASILI YA TATU: Yaliyo juu ya baba

Amesema Qadhi Abu Shuja' katika Matni yake, na maana yake ni hii: masurufu ya watoto yampasa mzazi wao wakiwa hawana mali, pamoja na moja katika mambo matatu: udogo, au ulemavu wa kudumu umzuiao kuchuma, au kukosa akili. Kwa hiyo yule adhaniye ya kuwa wajibu wake umekwisha siku kijana alipobaleghe, amekosea. Kijana wa miaka ishirini au arubaini asiye na akili ya kuchuma, wala hana mali, masurufu yake yangali juu ya baba yake kama siku aliyozaliwa. Na baba akifariki, au akishindwa, wajibu huenda kwa babu mzaa baba, na juu yake vivyo hivyo, kisha ndipo humfikia mama. Mama ni wa mwisho katika safu hii, nasi twamfanya kuwa wa kwanza.

Na kiasi cha masurufu haya hakikukadiriwa kwa vibaba, bali ni kiasi cha kumtosha mtoto kwa hali yake. Al-Khatib al-Shirbini ameeleza ya kuwa yamo ndani yake chakula na kitoweo na nguo na makao, na ujira wa tabibu na thamani ya dawa, na gharama ya mtumishi ikiwa ahitaji mtumishi. Yafahamuni maneno haya ya mwisho. Mtoto asiyeweza kujilisha wala kujiosha ni mwenye kuhitaji mtu wa kumtumikia. Basi mama akisema, "Nitafutie msaidizi, mgongo umeniuma kwa kumbeba," huo si udeko wala si kuiga wenye mali, bali ni haki ya mtoto iliyoandikwa vitabuni tangu zamani, juu ya baba mwenye uwezo. Na kiti cha magurudumu leo kimo katika maana hiyo.

Na ulezi, yaani hadhana, mama ndiye wa kutangulizwa maadamu masharti yake yamo kwake. Mtoto mwenye kupambanua hukhiyarishwa baina ya wazazi wake walioachana, afikapo umri huo, nao ni kiasi cha miaka saba. Lakini mtoto asiyepambanua kwa sababu ya akili hubaki kwa mama, hata akiwa mkubwa wa umri. Basi wako wanaume walioshika mlango mmoja wakaacha wa pili: wasema, "Sheria imempa mama ulezi, basi na alee." Naam, ulezi ni wake, walakini gharama ya ulezi ni juu ya yule apasiwaye na masurufu. Na mama aliyeachwa anayo haki ya kudai ujira wa ulezi wake.

Wako na wengine ambao, wakiona mtoto ni hivi, huoa mke mwingine, na mguu wao ukakatika katika nyumba ile. Kuoa ni halali, lakini kumwacha mke akaning'inia, hana mume wala hana talaka, kumekatazwa katika Sura an-Nisaa, aya ya 129. Na katika Sura al-Baqara, aya ya 233, Mwenyezi Mungu amekataza mama asitiwe madharani kwa sababu ya mtoto wake. Aya hii imeshuka katika mambo ya kunyonyesha na masurufu, na maana yake ni pana. Kumfanya mama abebe peke yake usiku na mchana mzigo wa watu wawili ni madhara yasiyofichikana.

Na mume asione haya kumwosha mwanawe na kumlisha. Bibi Aisha (r.a.) alipoulizwa Mtume alifanya nini nyumbani, alijibu ya kuwa alikuwa katika kuwahudumia watu wa nyumba yake, na ukifika wakati wa sala hutoka. Usiku mmoja baba akilala na mtoto, mama akalala usingizi wake hata alfajiri, kwa mama yule ni zawadi ipitayo kanga mbili.

FASILI YA NNE: Mali ya mtoto baada ya baba

Kukosa akili si katika mambo yazuiayo urithi. Mtoto huyu hurithi fungu lake kamili kama ndugu zake, wala si halali kumpunguzia kwa kusema, "Huyu mali hataijua." Na mali yake, ikitimia nisabu na mwaka, hutolewa zaka na msimamizi wake, kwa madhehebu yetu.

Lakini hapa pana jambo ambalo wanaume wengi hawalijui, na kwa kutolijua wamewaacha wake zao matatani. Usimamizi wa mali ya mtoto huyu kwa sheria ni wa baba, kisha babu mzaa baba, kisha yule aliyewekwa wasii na wa mwisho wao kufa, kisha kadhi. Mama haingii katika usimamizi wa mali kwa umama wake peke yake, kwa kauli iliyo sahihi zaidi. Basi baba akifa ghafula pasipo wasia, na babu hayuko, huenda mama aleaye akawa hana amri juu ya shilingi moja ya mtoto alalaye mapajani mwake, mpaka akaombe. Na dawa ya jambo hili imo katika Minhaj: mama wa watoto akiwa na sifa za wasii, yeye ni bora kuliko mwingine. Ewe baba mwenye mtoto wa hali hii, nawe huna baba aliye hai, andika wasia wako ungali mzima, umweke mama yake kuwa wasii, na ushuhudishe mashahidi waadilifu.

Vile vile yafaa baba katika uhai wake ampe mtoto huyu hiba, au amwekee wakfu nyumba ya kupangisha au shamba la minazi, mapato yake yamtosheleze. Kuwapambanua watoto katika hiba ni makuruhu pasipo sababu, lakini haja ya mtoto asiyejiweza ni sababu. Ama kumzidishia kwa wasia baada ya kufa hakupiti ila kwa ridhaa ya warithi wengine. Kwa hiyo asingoje kufa.

FASILI YA TANO: Yaliyo juu ya jamaa, jirani na mji

Imamu Nawawi amehesabu katika fardhi za kutoshelezana kuondoa madhara ya Waislamu, kama kumvika aliye uchi na kumlisha mwenye njaa, ikiwa zaka na hazina ya Waislamu hazikutosha. Na maana ya fardhi hii ni kwamba wakiisimamia baadhi, wengine huokoka. Na wakiiacha wote, hupata dhambi kila mwenye uwezo aliyejua. Khalifa al-Walid bin Abdul-Malik, aliyetawala mwaka 86 mpaka 96 wa Hijra (705–715), ametajwa na wanahistoria kama Tabari ya kuwa alimpa kila asiyejiweza mtumishi na kila kipofu mwongozi. Leo hazina ile hatunayo, basi fardhi imerudi juu yetu.

Kwanza ni zaka. Mama mjane aliye fakiri, mwenye mtoto huyu, ni katika wenye kustahiki, na mtoto naye huhesabiwa, na fungu lake hupokelewa na msimamizi wake. Na tazameni kauli ya Nawawi katika kiasi cha kumpa fakiri asiyeweza kuchuma: hupewa kitakachomtosha umri wake uliobaki kwa kadiri ya kawaida, akanunuliwa mali itoayo pato. Hii siyo desturi yetu. Sisi twapanga mafakiri mlangoni siku ya Ijumaa, kila mmoja apate sarafu ya mkate, na Ijumaa ya pili warudi vile vile. Matajiri kumi wa mtaa mmoja wakikusanya zaka zao mwaka huu, wakamnunulia mama mmoja cherehani, au chumba cha kupangisha, na mwaka ujao wakamgeukia mwingine, wangalikuwa karibu zaidi na madhehebu wanayojinasibisha nayo.

Pili ni jamaa. Shangazi na khalati na mabinti wa nyumba wawekeane zamu. Mama wa mtoto huyu huenda akakaa miaka hakuhudhuria harusi wala mazishi ya jamaa yake, kwa kukosa wa kumwachia mtoto; kisha wakaja kumlaumu ya kuwa amejitenga. Mwenye kumwangalia mtoto kwa saa tatu tangu alasiri hata magharibi amemfaa kuliko aliyekuja kumpa pole akaketi kutazama. Na ninyi wanaume, mambo haya hamyafanyi kwa mikono yenu yote, lakini ninyi ndio mpao ruhusa na nauli: mruhusuni mke au binti aende, wala msimwambie kazi za nyumba yake hazijesha.

Tatu ni chakula na mikutano. Katika Sura an-Nur, aya ya 61, Mwenyezi Mungu ameondoa uzito kwa kipofu na kiguru na mgonjwa katika kula pamoja na watu. Basi mama akija na mwanawe katika maulidi au khitima, asipelekwe uani kwa kuwa mtoto hudondosha mate. Na msikitini, kinachokatazwa ni kuutia msikiti najisi. Mtoto aliyevalishwa vizuri hata pasiwe na khofu hiyo, sauti yake peke yake si sababu ya kumfukuza. Imamu na akumbuke khabari ya sala iliyofupishwa.

FASILI YA SITA: Chuoni

Waalimu wenzangu, kalamu ya kuandika dhambi imeinuliwa kwa asiye na akili mpaka apate akili, kama ilivyo katika hadithi iliyopokewa na Bibi Aisha na Sayyidna Ali (r.a.). Hiyo ni rehema ya kuondolewa taklifu, wala haikuja kumfungia mtoto mlango wa chuo. Wako katika watoto hawa washikao Fatiha kwa kusikia, neno moja kwa juma, ikiwa mwalimu hakuharakisha. Mwenye usonji huweza kuhifadhi upesi kuliko wenziwe, walakini hataki kubadilishiwa mahali pa kuketi wala wakati wa somo. Mwenye hali ya Down hupenda kuiga, basi aketishwe kando ya mtoto mwenye adabu. Fimbo haiongezi akili ambayo haikuumbwa. Na juu ya faida ya mtoto, ziko zile saa mbili ambazo mama hupata kufua na kupumzika na kusali sala yake kwa utulivu. Mwalimu ana thawabu za wote wawili, inshallah.

MASUALI NA MAJAWABU

Suali: Baba wa mtoto amesafiri miaka miwili hakuleta kitu. Je, mama aweza kumdai ya miaka yote miwili?

Jawabu: Masurufu ya mke mwenyewe, akiwa angali katika ndoa yake na anastahiki, ni deni, hayaanguki kwa kupita wakati. Lakini masurufu ya mtoto, wakati wake ukipita huanguka, wala hayawi deni, illa yakiwa yamekadiriwa na kadhi, au kadhi amempa ruhusa mama akope kwa dhima ya baba asiyekuwapo au aliyekataa. Dhambi ya baba hubaki. Kwa hiyo mama asingoje. Na aende kwa kadhi mapema, na ndugu zake wanaume wafuatane naye. Huko Kenya mahakama za Kadhi zimethibitishwa katika Katiba ya mwaka 2010, ibara ya 170, na Unguja na Pemba pia ziko mahakama za Kadhi. Tanzania Bara mama huenda kwa afisa wa ustawi wa jamii, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yampa njia ya kudai matunzo mahakamani.

Suali: Ami wa mtoto ana zaka. Je, yajuzu kumpa mtoto wa nduguye?

Jawabu: Yajuzu, ikiwa mtoto ni fakiri wala hapati masurufu ya kumtosha kwa yule apasiwaye naye. Kwa madhehebu yetu masurufu hayampasi ami, kwa kuwa huwapasa wazazi kwenda juu na watoto kwenda chini tu. Basi zaka yake ni sahihi, na ana thawabu mbili, ya sadaka na ya kuunga ujamaa, kama ilivyopokewa na Tirmidhi na Nasai. Ama baba, haimjuzii kumpa mwanawe zaka badala ya masurufu yampasayo.

Suali: Mke wangu ameugua, na mtoto wetu asiyejiweza hana mwingine wa kumwangalia. Je, nikiiacha Ijumaa kwa ajili yake nina dhambi?

Jawabu: Huna dhambi; utasali adhuhuri. Maulamaa wamehesabu katika nyudhuru za kuacha jamaa na Ijumaa kumwuguza mtu asiye na wa kumwangalia, na hata mwenye mwangalizi, ikiwa ni jamaa yako naye huliwazika kwa kuwa nawe. Na katika hukumu hii pana faida kwa mwenye kuzingatia: sheria isingalimpa mwanamume udhuru wa kuiacha Ijumaa kwa kazi isiyokuwa yake.

KHATIMA

Basi, ndugu zangu, mkimwona mama wa mtoto asiyejiweza, msianze kwa kumwambia subiri. Anzeni kwa kuulizana ninyi kwa ninyi: Je, masurufu yamemfika? Je, yuko wa kumpokea mtoto? Je, dawa imekwisha? Je, wasia umeandikwa? Yakiisha kutimizwa hayo, ndipo mumkumbushe subira na ujira wake kwa Mwenyezi Mungu, nayo wakati huo itakuwa nasaha njema, si njia ya kuukimbia wajibu.

Ewe Mola wetu, wape nguvu mama hawa, na wapunguzie uzito wao, na watoto wao uwafanye kuwa sababu ya wao kuingia Peponi. Na sisi utupe taufiki ya kutimiza yaliyo juu yetu kabla hatujaulizwa mbele yako. Amin.

Wallahu a'lam. Wa sallallahu ala Sayyidina Muhammad wa ala alihi wa sahbihi wa sallam.